IJUE DENGU: Lishe yake, mapishi yake, na kwa nini chai inakupunja

Haya wadau, leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee msosi.

Ukishuka Mbagala Rangi Tatu mida ya jioni huwezi kuzikwepa. Kuna mama kainamia karai la mafuta anakaanga bajia, pembeni ana bakuli la chatine ya embe bichi. Kuna kijana anapita na beseni la karanga, korosho na dengu za kukaanga, anakupimia kwenye karatasi iliyosokotwa. Ukiingia kwa mama ntilie asubuhi unaweza kukuta chapati na dengu za nazi. Yaani dengu tunazila karibu kila wiki. Lakini muulize mtu dengu ina nini mwilini, atakujibu "inashibisha tu". Mwingine atakwambia ni chakula cha watu waliopigika, wale wa tarehe 25 mshahara haujatoka.

Makala hii ni kwa ajili ya washikaji wanaoishi geto wanaokula chips kavu asubuhi, mchana na jioni. Pia ni kwa ajili ya dada zetu ambao kila wakienda zahanati wanaambiwa damu imepungua. Kuna kitu kimoja nataka ukitoke nacho hapa: dengu ni lishe kubwa kwa bei ndogo, ila faida yake inategemea sana unaila na nini. Wengi wetu tunaila vibaya bila kujua. Soma mpaka mwisho.

DENGU NI NINI HASA

Tuanze na jina maana hapa watu wanachanganya. Dengu kwa Tanzania ni ile mbegu yenye umbo la duara lisilokamilika, ina kama kidomo kimoja kimechongoka. Jina lake la kitaalamu ni Cicer arietinum. Ukienda Kenya ukaagiza "ndengu" utaletewa choroko, zile ndogo za kijani, usije ukagombana na mhudumu bure. Adesi nazo ni kitu kingine, zile bapa ambazo zikimenywa zinakuwa za rangi ya machungwa. Njegere ni zile za kijani tunazopika na pilau au viazi. Zote ni ndugu wa jamii ya mikunde, ila sio kitu kimoja.

Dengu zenyewe zipo za aina mbili kubwa. Kuna ndogo, zina rangi ya kahawia, ganda lake gumu lina mikunjo. Hizi duniani zinaitwa desi na ndizo nyingi zinazolimwa hapa kwetu. Halafu kuna kubwa, nyeupe kama maziwa yaliyochujuka, ganda laini, zinaitwa kabuli. Hizo utazikuta zaidi supermarket, mara nyingi kwenye makopo kutoka nje. Kwa lishe hazipishani sana, ila zile ndogo za kahawia zina nyuzinyuzi nyingi zaidi kwa sababu ya ganda lake nene. Kwa hiyo usione kabuli inang'aa ukadhani ya kwetu ni ya hali ya chini.

ZINATOKA WAPI

Dengu ni zao la zamani sana. Lilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita maeneo ya kusini mashariki mwa Uturuki na jirani zake, likasambaa mpaka India. Leo India ndiyo inaongoza duniani kwa kulima na kwa kula. Bara la Afrika anayeongoza ni Ethiopia.

Tanzania dengu zinalimwa sana Kanda ya Ziwa na jirani zake: Shinyanga, Simiyu, Mwanza, na Tabora upande wa Igunga na Nzega. Pia Manyara wanalima. Wasukuma wanazipanda kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, unaonasa miguu mvua ikinyesha na kupasuka mipasuko jua likiwaka. Ujanja wake ni huu: mkulima anasubiri mvua zinakaribia kuisha, mwezi wa tatu au wa nne, mara nyingi kwenye shamba lililotolewa mahindi au mpunga. Dengu inaota na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini tu. Wakati mimea mingine inakufa kwa kiu, yenyewe inakaza. Tena mizizi yake inashirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo shamba linabaki na rutuba kwa msimu unaofuata. Chuo cha utafiti cha Ukiriguru kule Mwanza kimekuwa kikifanyia kazi mbegu bora za zao hili kwa miaka mingi.

Sasa linalouma ni kwamba sehemu kubwa ya dengu hizo haiji Mbagala. Inapakiwa kwenye makontena, inapita bandari yetu hii hii ya Dar, inaenda India na nchi jirani zake. Tukiwategemea wao kula mazao yetu, wakibadili mawazo tunaumia. Desemba 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu zinazoingia nchini kwao, na kufikia Machi 2018 ushuru ukapanda mpaka asilimia 60. Mwaka huo huo wa 2017 walikuwa wameshaweka ukomo kwa mbaazi. Mkulima wa Kishapu hakuwa na kosa lolote, uamuzi ulifanyika New Delhi. Ungekuta sisi wa mjini tunazila kwa wingi, angalau angekuwa na pa kukimbilia.

NDANI YA DENGU KUNA NINI

Chukua kikombe kimoja cha dengu zilizochemshwa zikaiva, gramu kama 164 hivi. Ndani yake kuna:

- Nguvu: kalori 269 hivi
- Protini: gramu 14.5
- Wanga: gramu 45
- Nyuzinyuzi: gramu 12.5
- Mafuta: gramu 4 tu
- Madini ya chuma: miligramu 4.7
- Foleti (vitamini B9): maikrogramu 282
- Pia magnesiamu, zinki, potasiamu na fosforasi

Tuzitafsiri hizo namba kwa lugha ya mtaani.

Protini ndiyo inayojenga na kukarabati mwili: misuli, ngozi, damu, kinga. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hiyo kikombe kimoja cha dengu kina protini kuzidi mayai mawili. Nyie mnaobeba vyuma vya zege pale uani mkitafuta kifua, protini ndiyo hiyo, sio lazima mkopo wa kopo la unga wa kizungu.

Nyuzinyuzi ndizo zinazofanya choo kiwe laini na tumbo likae na shibe muda mrefu. Mtu mzima anashauriwa kupata kama gramu 25 mpaka 30 kwa siku, na kikombe kimoja kinakupa karibu nusu. Ndiyo maana ukila dengu saa nne asubuhi, saa saba hujahangaika.

Wanga wa dengu unameng'enywa polepole. Sukari kwenye damu haipandi ghafla kama unavyokula mkate mweupe. Kwa mtu mwenye kisukari nyumbani, hiki ni moja ya vyakula vya wanga vilivyo salama zaidi kwake, akila kwa kiasi na bila kuacha dawa.

Foleti inahitajika kutengeneza damu, na kwa mama mjamzito inasaidia uti wa mgongo na ubongo wa mtoto kuumbika sawasawa, hasa zile wiki za mwanzo ambazo wengi hata hawajajua kama wana mimba. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 400 kwa siku, mjamzito 600. Kikombe kimoja unaona kimeshakusogeza mbali. Ila vidonge vya kliniki viko pale pale, dengu haivifuti.

Ambacho hakimo: vitamini B12 hakuna kabisa, na vitamini C ni kidogo mno. B12 inapatikana kwenye vyakula vya wanyama kama dagaa, mayai, maziwa na nyama. Hii C iwekeni akilini, tunairudia sasa hivi.

UGALI NA DENGU, WALI NA DENGU

Bibi zetu hawakusoma maabara lakini walijua. Mahindi na mchele vina upungufu wa kiungo kimoja cha protini kinaitwa laisini. Dengu inacho kwa wingi. Dengu nayo ina upungufu wa kingine kinaitwa methionini, ambacho nafaka zinacho. Ukizikutanisha siku moja, kila mmoja anaziba pengo la mwenzake, unapata protini iliyokamilika karibu sawa na ya nyama. Ndiyo maana chapati na dengu, wali na dengu, makande ya mahindi na mikunde, vyote vimekaa kwenye jamii zetu. Siyo umaskini huo wadau, ni akili.

DAMU, NA SHIDA YA CHAI

Hapa ndipo penyewe. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha karibu wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa miaka 15 mpaka 49 Tanzania wana upungufu wa damu. Sio wote ni kwa sababu ya chakula. Malaria, minyoo, hedhi nyingi, uzazi wa karibu karibu na seli mundu vyote vinahusika. Lakini kukosa madini ya chuma ni sababu kubwa mojawapo.

Dengu ina chuma, tumeona. Tatizo ni kwamba chuma cha kwenye mimea ni kigumu kuingia mwilini. Mwili unanyonya kidogo tu, kingine kinapita na kutoka. Kipo kinachosaidia kiingie na kipo kinachokizuia.

Kinachozuia sana ni chai. Chai ya rangi, chai ya maziwa, kahawa, zote zina tanini na jamaa zake ambazo zinakishika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Sasa fikiria sisi tunakulaje bajia na chapati dengu: na chai! Kikombe mkono huu, bajia mkono huu. Pale unakuwa umelipia chuma halafu unakifukuza mlangoni.

Kinachosaidia ni vitamini C. Ukikamulia ndimu au limau, ukila na kachumbari ya nyanya mbichi, chatine ya embe bichi, ukashushia chungwa au pera, chuma kinachoingia kinaongezeka. Samaki na nyama navyo vinasaidia, hata kidogo. Dengu zilizochanganywa na dagaa ni kitu cha maana sana.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: DENGU NA NDIMU, CHAI BAADAYE. Subiri kama saa moja baada ya kula ndiyo unywe chai yako. Huyo mama wa bajia anayekuwekea chatine ya embe bichi anakupa dawa bila kujua, usimwambie "usiweke". Omba akuongezee.

Ila tusidanganyane. Ukipimwa ukaambiwa damu iko chini sana, sufuria la dengu halitakutibu peke yake. Kula dawa ulizopewa, tafuteni sababu. Chakula ni cha kuzuia na kusaidia isirudi tena.

SHIDA YA PILI: MKAA

Najua wapo watakaosema, "Dogo, dengu bei poa, mkaa je?" Kweli kabisa. Geto ukiwasha jiko saa mbili kwa ajili ya mboga, mkaa unakuwa ghali kuliko dengu zenyewe. Nadhani hii ndiyo sababu hasa vijana wanakimbilia chips. Njia zipo:

1. Loweka usiku. Pima dengu, zioshe, tia maji mara tatu yake, lala. Asubuhi mwaga hayo maji, tia mengine. Muda wa kuchemsha unapungua sana. Joto la Dar ni kali, zisikae zaidi ya saa 12 bila kubadili maji, zitachacha.

2. Zifunike ziive zenyewe. Zikishalowekwa, chemsha kwa moto mkali dakika kama 20, funika sufuria vizuri, litoe jikoni, lizungushie kanga nzito na blanketi au lizamishe kwenye kapu la nguo kuukuu. Liache saa tatu. Zinaendelea kuiva kwa moto ule ule uliomo. Ukirudi unazichemsha tena kidogo unaunga.

3. Nunua zilizopasuliwa. Dengu zilizokobolewa na kupasuliwa zinaiva haraka zaidi, ila nyuzinyuzi zinapungua maana ganda limetoka.

4. Tumia unga. Huu ndio ujanja wa Waethiopia, nitaueleza chini.

Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini B. Kama umeloweka vizuri huna haja nayo.

MAPISHI

Dengu za nazi. Dengu zilizoiva, kitunguu, nyanya, kitunguu saumu, bizari kidogo, tui. Kaanga viungo, tia dengu na tui zito, acha zitokote taratibu. Ponda kidogo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Kamua ndimu wakati wa kupakua. Inaenda na wali, chapati, hata ugali.

Bajia. Unga wa dengu, kitunguu kilichokatwa, pilipili, majani ya giligilani, chumvi, maji kiasi mpaka uji mzito. Chota dondosha kwenye mafuta ya moto. Kuna bajia za kunde na za choroko pia, muulize muuzaji. Angalieni tu mafuta: yakiwa meusi na yanatoa moshi ujue yamechoka, hama banda.

Mchuzi wa unga wa dengu. Ethiopia wanaita shiro, na kule ni chakula cha kila siku. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya mpaka zilainike. Tia maji vikombe viwili, yakichemka nyunyiza unga wa dengu vijiko vinne au vitano vya kulia huku unakoroga kuzuia mabonge. Punguza moto, acha dakika 15 mpaka 20 mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Umepata mboga ya ugali ya watu wawili kwa mkaa kiduchu. Unga unapatikana Kariakoo na kwenye maduka mengi, au kausheni dengu mpeleke mashine.

Chana bateta. Hii ni ya ndugu zetu wenye asili ya India, siku hizi ni ya pwani nzima. Dengu na viazi kwenye rojo la ukwaju, pilipili juu. Mwenzake wa Zanzibar ni urojo, ule mchanganyiko wenye bajia za dengu ndani. Tambi za kukaanga zinazonyunyizwa juu nazo mara nyingi ni unga wa dengu.

Dengu za kukaanga. Loweka, chemsha nusu, kausha kwa kitambaa, kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo mpaka zilie zikitafunwa. Chumvi na pilipili. Kwa wanaokesha wakisoma, hii ni bora kuliko biskuti.

Na tukitoka nje kidogo: Waarabu wanazisaga na ufuta, ndimu na kitunguu saumu wanapata hummus. Oman na Emirates wanauza dengu za kuchemsha zenye pilipili wanaziita dango. Mdau uliyeko Muscat tuthibitishie.

TAHADHARI

Gesi. Tuseme ukweli, mkiwa wanne chumba kimoja ni noma. Kumwaga maji ya kulowekea kunasaidia, na kuanza kidogo kidogo kunasaidia zaidi. Tumbo linazoea baada ya wiki chache.

Watoto wadogo wasipewe dengu nzima, hasa za kukaanga, zinaweza kuwakaba. Kuanzia miezi sita wapewe zilizoiva sana na kupondwa.

Wenye ugonjwa wa figo waulize daktari kwanza, kwa sababu ya potasiamu.

Dengu zilizopikwa zisilale nje bila friji ukazila kesho jioni. Pikeni za siku hiyo, mchange na majirani.

Ukinunua angalia zisiwe na vumbi la wadudu au harufu ya uvundo. Chagua mawe. Meno ni ghali.

MWISHO

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2016 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mikunde, na kila tarehe 10 Februari ni siku ya mikunde duniani. Mbagala sijawahi kuona mtu anaisherehekea, teh teh. Lakini huhitaji sherehe. Unahitaji nusu kilo ya dengu, ndimu mbili, na moyo wa kuiambia chai isubiri saa moja.

Mkulima wa Shinyanga kazitoa kwenye udongo uliokauka. Meli inazisubiri bandarini. Kabla hazijapakiwa zote, tuzilaze kwanza kwenye maji yetu hapa nyumbani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu mnazipikaje? Na wewe unayesema huwezi kula bajia bila chai, jaribu wiki moja uje utuambie. Matusi hapana, mapishi ruksa.